Jani Nililompa Bibi Apaikunda

Haika aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, hakulia. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto wangu, ndipo akasema, "Bibi yako ametutoka jana alfajiri. Sasa tunahitaji picha." Nikasema pole, pole sana Dada Haika, na kabla sijamaliza akaongeza, "Ya kwenye msalaba, na ya kwenye karatasi ya ibada. Hatuna nzuri kuliko ile yako. Ile ya kalenda." Nilikuwa nimesimama studioni kwangu hapa mjini Moshi, mteja wa pasipoti amekaa kwenye stuli ananingoja, kidevu juu kama nilivyomwelekeza. Nilihisi joto linapanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Miaka imepita, nimezaa, nina leseni ya biashara ukutani, lakini joto lile halijui kama mtu amekua. "Ukate mkono," Haika alisema. "Na miguu ukate. Bakiza uso tu." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Au ile nyingine bado unayo? Ile ya mwanzo, alipokuwa na viatu?" Nikamwambia niliifuta. "Eeh," akasema. "Basi kata."

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kusubiri matokeo. Tuliishi kule chini, kwenye kambi za mashamba ya miwa, watu wa mikoa mbalimbali tuliochanganyika, na mlima tuliuona kila asubuhi kama unavyoiona nyumba ya jirani tajiri: unaijua rangi ya geti, hujui ndani wanakula nini. Nilikuwa msichana wa maneno machache mno. Shuleni walimu waliita mahudhurio wakaniruka hali nipo, nami nikaona afadhali kuandikwa sipo kuliko kusema "nipo" mbele ya watu. Ndiyo maana kamera ilinifaa. Ukiwa na kamera usoni hakuna anayekuuliza chochote, na wote wanakutii. Baba Glori, mwenye studio ndogo karibu na soko, alinichukua nimsaidie kufagia na kukata picha za pasipoti, na baada ya muda akaniachia kamera yenyewe. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kinachonuka wino wa printa na chapati za jirani. Ukutani lilining'inia pazia lililochorwa Mlima Kilimanjaro wenye theluji mpaka kiunoni, na twiga wawili wakubwa kuliko mlima. Mlango ukiwa wazi asubuhi isiyo na mawingu, ungeweza kuuona mlima wenyewe juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi, lakini wateja waliupa mgongo wakapigwa na ule wa pazia. "Huu wangu haufunikwi na mawingu," Baba Glori alisema. Alinifundisha mambo mengi, ila alilolirudia kila siku lilikuwa moja: mkono usio na kazi unaharibu picha. Mtu akikaa mbele yako hajui mikono aiweke wapi, mpe kitu ashike. Kwa hiyo kwenye ndoo kulikuwa na maua ya plastiki, mekundu na ya njano, na kila bibi harusi, kila aliyehitimu, kila mtoto wa kipaimara alishika ua la Baba Glori. Mpaka leo ukiingia nyumba nyingi za Moshi utaliona ua lile lile limeshikwa na watu tofauti.

Dada Anjela alikuwa akija kusafisha picha kwetu. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, mchangamfu, mwenye simu mbili, na aliongoza kikundi cha vijana waliojitolea kuwaezekea wazee nyumba zinazovuja. Kwao ni Old Moshi, lakini alizaliwa na kukulia Dar, na Baba Glori alimtania hadharani: "Wewe ni Mchaga wa Krismasi. Unaijua njia ya kupandia, Kichaga hujui hata cha kuombea maji." Anjela alicheka akasema, "Maji nanunua ya chupa, Baba Glori." Siku moja aliziangalia picha nilizopiga za ubatizo, akauliza nani kapiga, na nilipojificha nyuma ya printa akamwambia Baba Glori, "Huyu nipe siku za Jumamosi. Hatumlipi, tunajitolea wote, lakini atakula vizuri." Walitaka kutengeneza kalenda. Kila mwezi mzee mmoja, na fedha za kalenda zinunue mabati. Sijawahi kusikia jambo zuri kuliko lile. Mimi niliyekuwa sijui hata kuomba chumvi kwa jirani, nilikuwa nimetakiwa na watu, kwa ajili ya watu, na sikutakiwa kusema neno.

Tulipanda Jumamosi kadhaa. Old Moshi ukifika unaingia kwenye kivuli. Migomba juu, kahawa chini yake, na maji ya mfongo, mfereji ule wa zamani, yanapita kandokando ya njia yakiongea peke yake. Kila nyumba tulipewa chakula. Nilikula kiburu kwa mara ya kwanza, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja na magadi, na wazee walicheka nilivyokunja uso. Waliniita mtoto wa kamera, kwa sababu jina langu, Yunisi, nilikuwa nikilitamka kwa sauti ambayo hawakuisikia. Anjela naye alifanya kazi kwelikweli, alipanda na kushuka, alikumbuka dawa za huyu na miwani ya yule. Nayasema haya kwa sababu yanayofuata yatafanya aonekane mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka, na alijua kitu kimoja ambacho mimi nilikuwa sijakijua: watu wa mjini hufungua pochi wakimwona mtu anayeteseka, na hawaifungui wakimwona mtu aliyependeza.

Bibi Apaikunda alikuwa amependeza. Alituandalia kiti nje, mbele ya nyumba, na meza yenye kitambaa cha kufuma, chupa ya chai na bakuli la kiburu lililofunikwa. Alivaa kitenge cha bluu kipya na viatu vyeusi vya ngozi vyenye kifungo pembeni, vimepakwa rangi vikang'aa mpaka ukaona migomba ndani yake. "Shikamoo Bibi," tukasema. "Marahaba wanangu, karibuni. Yupi mpiga picha? Huyu? Njoo hapa mama, uniongezee mto mgongoni. Halafu unipige kwanza hivi, na viatu vionekane. Haika wangu alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza, yuko Arusha, kila akipiga simu anauliza, 'Mama unavivaa au umevifungia sandukuni?' Aone." Nikampiga. Alikaa wima, magoti pamoja, viatu mbele, na mwishoni akashindwa kujizuia akacheka. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera alisema, "Mae! Mbona nimefanana na mama mchungaji!" Akaniongezea maziwa kwenye chai.

Nyuma ya zizi Anjela alinivuta mkono. "Huyu mbona yuko hivi? Huyu hata mimi nisingemchangia. Paa lake linavuja kweli, nimeingia nimeona, lakini nani ataamini? Mwambie avue viatu. Na kama ana kitenge cha shambani, avae." Nikasema, nadhani kwa kunong'ona, kwa nini asimwambie yeye. "Wewe anakupenda. Si amekuongezea maziwa?" Nikaenda. Nilikwenda kwa hatua ndogo nikitumaini kwamba ataniita mtu. "Bibi, samahani. Wanaomba uvue viatu." Akanitazama. "Nani wanaomba?" Nikasema, "Sisi." "Viatu vina nini?" "Havina kitu Bibi. Ni kwa ajili ya picha." Nilisikia ng'ombe akitafuna majani ya migomba nyuma ya ubao. Kisha akanyoosha miguu. "Mimi siwezi kuinama, mama. Vua wewe." Nikapiga magoti, nikafungua vifungo, nikavivua kimoja kimoja na kuviweka chini ya meza, na miguu yake ilikuwa safi, alikuwa ameisugua kwa ajili yetu. Anjela aliyekuwa amesimama pembeni akasema kwa upole kabisa, "Akanyage kidogo pale karibu na mfongo." Pale palikuwa na tope. Nilimshika Bibi mkono, nikamkanyagisha.

Akasimama pale peku, mikono imelala kwenye mapaja kama si yake. Niliiona mikono ile kupitia lenzi na masikio yangu yakasikia sauti ya Baba Glori. Sikuwa na ndoo ya maua. Lakini mpakani, hatua chache tu, kulikuwa na mstari wa mimea mirefu yenye majani membamba ya kijani kibichi, mazuri, yanang'aa kama yamefutwa. Nikachuma jani moja nikamletea. Hakulipokea mara moja. Alilitazama jani, akanitazama usoni, na uso wake uliokuwa umejifunga ukalegea. "Unanipa hili?" Nikasema ndiyo, Bibi, shika. "Wewe, kwa mkono wako?" "Ndiyo Bibi." Akalipokea kwa mikono miwili. "Haya. Nimepokea. Yameisha." Nikadhani anazungumza kama wazee wanavyozungumza. Nikamwambia anyooshe mkono kidogo mbele, kama anampa mtu, akanyoosha. Mwanga ulikuwa unapita katikati ya migomba ukaliangukia jani, na nikajua kabla hata ya kubonyeza kwamba nimepata picha nzuri kuliko zote za maisha yangu. Nasikitika kusema kwamba bado ni nzuri. Tulipokuwa tunashuka kwenda nyumba ya mwisho kadi ya kamera ilijaa. Nilikaa juu ya jiwe nikapitia picha, nikafuta zilizofumba macho, nikafuta zilizotikisika, nikafuta na ile ya viatu, kwa kuwa haikuwa na kazi.

Kalenda ilitoka nzuri sana. Bibi Apaikunda alikuwa mwezi wa nane, na juu yake waliandika, "Wanatunyooshea mikono." Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, yalikuwepo maneno "Picha: Yunisi". Nilizisoma zile herufi mara nyingi kuliko nilivyosoma matokeo yangu, ambayo yalikuja wakati huohuo na hayakuwa ya kusomwa mara nyingi. Jumapili moja tulipeleka kalenda kwenye kanisa la kule juu. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, mikungu ya ndizi, kuku, chupa za maziwa, na sisi tukapewa meza pembeni. Mimi nilikaa nyuma ya rundo la kalenda, naonekana kwa nusu tu kama nilivyopenda. Wanawake wawili wakasimama mbele yangu na mkungu waliokuwa wameununua. Mmoja alikuwa ameolewa kutoka Upareni, nadhani ndiyo maana waliongea Kiswahili, na nikasikia yote.

"Huyu si Apaikunda?"

"Ndiye. Tena peku!"

"Achana na miguu. Tazama mkono."

"Ana nini?"

"Isale, mama! Hulioni? Kumbe ameshuka."

"Anampelekea nani?"

"Ampelekee nani zaidi ya shemeji yake? Ruwa wangu, Mungu wangu! Siku zote hizo hawapeani hata salamu, leo anamwomba msamaha kwenye kalenda!"

"Mwezi wa nane mzima!" Wakacheka mpaka mkungu ukawaponyoka.

Aliyekulia mlimani anajua isale ni nini tangu anatambaa. Ni mmea wa mpakani, ndio unaoonyesha kihamba, shamba la ukoo, cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, hata awe amekasirika namna gani, ukimpelekea isale hawezi kukukatalia. Lakini anayelipeleka amekubali kwamba kosa ni lake. Sisi wa kambi za miwa tuliliona kuwa ni jani. Anjela aliliona kuwa ni jani. Waliochapa kalenda huko Arusha waliona ni rangi nzuri. Mlima mzima uliona Apaikunda amekiri. Na alichokuwa amekiri, nilielezwa baadaye, kilikuwa hiki: Mzee Elingaya, ndugu wa marehemu mume wake, alidai kwamba Bibi baada ya kufiwa aliyahamisha masale ya kandokando ya mfongo, akameza kipande chenye kahawa zote. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba siku Apaikunda atakapomjia na isale na kukiri, atamwachia akae pale mpaka atakapokufa, kisha kipande kirudi kwake. Bibi alimjibu kwamba kipande ni cha Haika, na kwamba hajahamisha hata jiwe la jikoni. Hapo ndipo salamu zilipokatika.

Haika alinifuata studioni wiki hiyohiyo. Ndiyo mara ya kwanza kumwona, mwanamke mrefu, amevaa sweta, uso wa mama yake bila kile kicheko. Alifunua kalenda juu ya meza ya Baba Glori. "Wewe ndiye Yunisi?" Nikaitikia kwa kichwa. "Mzee Elingaya ameinunua, ameitundika sebuleni, ameita mzee wa kanisa aje ashuhudie kwamba mama amekiri. Jumamosi. Mama anasema twende na wewe." Anjela alipopigiwa simu alisema hayo ni mambo ya kimila, kikundi kinahusika na mabati. Baba Glori aliitazama picha kwa muda mrefu, akakuna kichwa. Akasema, "Mimi nilikufundisha kumpa mtu kitu ashike. Sikukwambia umpe mpaka wa shamba." Nyumbani mama yangu aliposikia hakunigombeza, aliendelea kuchambua mchele, mwishoni akauliza, "Na wangekuja hapa kambini, ungenivua na mimi?" Sikulala vizuri tangu hapo.

Sebule ya Mzee Elingaya ilikuwa na makochi yaliyovalishwa vitambaa vyeupe, kabati la vyombo visivyotumika, na kalenda yetu ukutani, imefunguliwa mwezi wa nane ingawa mwezi wa nane ulikuwa mbali. Bibi Apaikunda alikaa chini yake kabisa, na viatu vyake vyeusi miguuni, kama mtu aliyekaa chini ya picha ya mwenzake. Mke wa Mzee, Mama Eli, alituwekea mtori wa nyama kwenye mabakuli, na hakuna aliyegusa kijiko. Mzee wa kanisa aliomba sala fupi. Kisha Mzee Elingaya akanyoosha fimbo kuelekea ukutani. "Mimi sina maneno mengi. Kila mwenye macho anaona. Shemeji amelishika isale, amelinyoosha. Nani hapa mlimani hajui maana yake? Amenyoosha mbele ya kanisa zima, nami nimemsamehe. Tuandikiane, tule."

"Mimi sikulinyoosha kwako," Bibi akasema. "Mimi nililetewa. Ukiletewa isale unalionyesha, watu waone umelipokea."

"Nani alikuletea?"

"Huyu hapa."

Wote wakanigeukia, nikatamani kamera. Mzee Elingaya alicheka kwa dhati. "Huyu? Huyu si kyasaka, mtu wa kuja, wa kule kwenye miwa? Hata isale halijui! Binti, unajua isale?" Nikasema, "Nilikuwa silijui, Babu." "Mmesikia? Sasa mtu anaombaje msamaha kwa kitu asichokijua?"

Mzee wa kanisa alikuwa mtu mtaratibu, anavuta maneno kama anayevuta maji kisimani. "Tumuulize tu. Binti, ni wewe uliyelichuma?" "Ni mimi." "Ukampa kwa mkono wako?" "Kwa mkono wangu." "Naye akasemaje?" Nikasema, "Alisema amepokea. Alisema yameisha." Mzee Elingaya akaegemea mbele, fimbo katikati ya magoti, na sasa hakuwa akicheka. "Yameisha yapi? Isale haliendi bila kosa. Mtoto kafika kwake siku ile ile, kanywa chai, kala. Alimkosea nini?" Mzee wa kanisa akamtazama Bibi. Bibi Apaikunda alitengeneza kitenge magotini. "Aseme mwenyewe," akasema.

Mtori ulikuwa umeanza kufanya utando. Nakumbuka utando ule, na kijiko, na kwamba nilijua kabisa kahawa zile, na Haika aliyekaa pembeni yangu akishika kingo za kochi, vyote vinangoja mdomo wangu ufunguke, na mdomo haukufunguka. Haikuwa kwamba sikujua kosa. Nilikuwa nalijua tangu nilipokuwa nimepiga magoti. Nilichokuwa sijajua ni kwamba lina jina na linaweza kusemwa mbele ya watu. "Nilimvua viatu," nikasema.

"Sema tusikie."

"Nilimvua viatu. Alikuwa amevaa hivyo hivyo alivyovaa sasa. Nikavivua, nikamkanyagisha matope, ili aonekane anateseka."

Mama Eli aliyekuwa amesimama mlangoni na birika aliliweka chini. "Nyumbani kwake?" akauliza. "Kwenye kihamba chake mwenyewe, ukamvua viatu?" Nikasema ndiyo, Mama. "Mae," akasema, na hakuwa upande wa mume wake tena, ilionekana wazi. Mzee Elingaya alianza kucheka, akatafuta wa kucheka naye, akaacha. Mzee wa kanisa alifuta miwani. "Basi isale lilikuwa na kazi yake," akasema. "Lilitumwa, likafika, likapokelewa. Halina safari nyingine. Tule, mtori unapoa." Tukala. Sijui ulikuwa na ladha gani. Nilikula na kumaliza bakuli kwa sababu sikuweza kuinua macho.

Nje, wakati Haika anatafuta bodaboda, nilimwambia Bibi ukweli, kwa kuwa nilihisi nimeshinda kwa uongo. "Bibi, siku ile mimi sikuwa naomba msamaha. Nilitaka tu ushike kitu." Alinijibu bila kunitazama, anaangalia njia. "Najua hukujua, mama. Lakini nilikuwa nimekasirika, nimesimama matopeni, nikisema moyoni nitawafukuza hawa watoto na chai yangu waitapike. Ukaniletea isale. Ningefanyaje?" Akapanda nyuma ya pikipiki kwa upande, viatu vimening'inia, wakaondoka. Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya jambo lolote nililofundishwa darasani. Nilisamehewa kwa kosa ambalo sikuwa nimelijutia bado, kwa jani ambalo sikulijua, na aliyenisamehe alifanya hivyo kwa sababu desturi yake haikumwachia njia nyingine. Ningeomba mwenyewe, kwa maneno yangu, labda angenikatalia, na labda ningestahili.

Kipande cha kahawa kilibaki kwa Bibi. Salamu hazikurudi. Kalenda hazikurudishwa, zilikwisha zote, nyumba za wazee kadhaa zikaezekwa, na Bibi Apaikunda aliyakataa mabati yake, akasema apewe aliyenyoosha mkono. Haika alimwezekea mwaka uliofuata. Mwezi wa nane ulipofika, kila duka nililoingia Moshi, kila ofisi, hata zahanati niliyompeleka mama yangu, alikuwepo ukutani, peku, ananipa jani. Nilijifunza kuingia mahali nikitazama sakafu. Niliendelea kupiga picha, ndiyo kazi niliyoijua, na bado hujitolea kwa vikundi vinavyoniomba, ila huwa siulizi mtu amevaa nini. Old Moshi sikupanda tena. Haika alinialika Krismasi mbili au tatu, nikasema nina wateja. Mtu anayekudai humwepuki kama unavyomwepuka aliyekusamehe.

Kwa hiyo juzi nilipanda na picha mbili kwenye fremu. Nilizikata mwenyewe, mkono na miguu, ukabaki uso, na uso ukiwa peke yake hauonekani kuwa wa mtu aliyevuliwa kitu. Ni uso wa mtu anayefikiri. Uwanja ulijaa, maturubai, masufuria, akina mama wanaomenya ndizi na kusemana. Mzee Elingaya alikwishakufa, lakini Mama Eli alikuwepo kwenye kiti cha mbele, akanitambua. "Kyasaka wetu," akaniita, nikamshika miguu. Tulipopita kuaga, jeneza lilikuwa limefunguliwa upande wa kichwani tu. Upande wa miguuni ulikuwa na kifuniko na shada juu yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilipita, nikarudi alipokuwa Haika, na swali likanitoka kabla ya kulipima. "Amevaa viatu?"

Haika alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikakiona usoni pake kicheko cha mama yake, kikiwa katikati ya machozi. "Vilevile. Vimeshakwisha soli, lakini alivisema mwenyewe, wiki nzima alivisema. 'Mnivalishe viatu vyangu. Yule mtoto wa kamera atakuja, safari hii asinikute peku.'" Akajipangusa pua kwa ncha ya kanga. "Una kamera?"

Ilikuwa kwenye mkoba. Nikasema, "Lakini Dada Haika, huku miguuni kumefungwa. Havitaonekana."

"Si umeambiwa vimo?"

Nikaitoa. Watu wakanipisha, kama wanavyompisha mpiga picha. Nilisogea mpaka mwisho wa jeneza, nikapiga magoti pale pale penye udongo, nikalenga kifuniko cha upande wa miguuni, nikapiga.